Herufi Moja ya Kupunguza Uzito

Jumatatu, 10 Machi

Nimeamka na azimio. Msafara wa baiskeli wa kwenda Karema wiki ya Pasaka utaongozwa na mimi. Si na Thadei. Na mimi.

Sababu ziko wazi. Nimefundisha Kiswahili miaka thelathini na mitano. Nimestaafu nikiwa na magoti yote mawili. Baiskeli yangu ni nyeusi, ya chuma halisi, na haijawahi kunitupa. Thadei alikuwa bwana shamba. Ana baiskeli ya gia, kofia ngumu ya njano, na suruali ya kubana ambayo mtu wa miaka sitini na minne hapaswi kuonekana nayo hadharani. Isitoshe, husema "hii baiskeli yangu". Nimemweleza mara nyingi: baiskeli yangu hii. Hujibu kwamba baiskeli yenyewe imeelewa.

Jioni tumefanya kikao cha chama chetu cha baiskeli hapa Misunkumilo, Mpanda. Mwenyekiti, Mama Pudensiana, amesema hataki uongozi wa maneno. Kwa kuwa ni Kwaresima, anayeutaka ataendesha Jumamosi hadi Kabungu na kurudi, amefunga tangu alfajiri, maji tu, mzigo wake wote wa safari mgongoni. Katekista Bartolomeo wa Kabungu ataandika kwenye karatasi kwamba mtu amefika na hajala. Wanaotaka wanyooshe mkono.

Tulinyoosha wawili. Thadei alinyoosha haraka mno, kama mtoto anayeomba ruhusa ya kwenda chooni.

Ushindi ni wangu.

Jumanne, 11 Machi

Siku ya vifaa. Shanta ninalo. (Siku hizi wanasema "begi la mgongoni". Maneno matatu pale ambapo moja linatosha!) Hema ninalo pia. Nililinunua mnadani Majimoto mwaka jana kwa mtu aliyeniapia kuwa ni la jeshi. Leo nimelisimamisha uani kwa mara ya kwanza. Ni la kijani, kweli. Lina pia bata watatu na dirisha lenye umbo la moyo. Nikilala ndani, miguu inabaki nje kuanzia magotini. Mke wangu, Matilda, akauliza hilo ni jeshi la nchi gani. Miguu ya mwendesha baiskeli inahitaji hewa.

Nikaenda dukani kwa Romana kupima mzigo kwenye mizani ya mchele. Kilo ishirini na mbili. Nimesoma kwenye simu kwamba wasafiri mahiri hupunguza uzito gramu kwa gramu. Hukata hata mpini wa mswaki! Hekima kubwa. Nikakata mswaki. Nikakata lebo za nguo zote. Nikakata sabuni nusu. Romana akapima tena. Kilo ishirini na mbili. Akasema, "Mwalimu, si utoe hii kitabu?" Kitabu hiki, nikamwambia, na ni kamusi, na kamusi haitoki. Akasema hiyo kamusi peke yake ni kilo tatu. Wapo watu wasiojua tofauti kati ya uzito na mzigo.

Jumatano, 12 Machi

Mazoezi ya kufunga. Nilianza alfajiri, imara kabisa. Saa nne nilikuwa mwepesi kama unyoya. Saa tano Matilda akaanza kukaanga dagaa, dirisha wazi, kwa makusudi. Saa saba akalalamika kwamba hajui kama mchuzi umekolea chumvi. Nikauonja kwa niaba yake. Kuonja si kula. Ni vitenzi viwili tofauti. Mchuzi hauonjwi mkavu, kwa hiyo nikauonja na ugali. Mara tano, kwa uhakika zaidi. Kwa ujumla mfungo umekwenda vizuri.

Romana amenipa habari: Thadei alifunga jana kutwa nzima na hakumwambia mtu. Nilicheka. Mfungo usiotangazwa! Mama Pudensiana ataujuaje? Njia yote ya Kabungu itaujuaje?

Hapo ndipo wazo liliponijia.

Alhamisi, 13 Machi

Wazo ni bango. Litafungwa nyuma ya shanta, herufi kubwa nyekundu: NINAISHINDA NJAA. Sentensi kamili. Ina mtenda, ina wakati uliopo, ina kiambishi *i* kinachosimama badala ya njaa, ina kitenzi, na njaa yenyewe imelala mwishoni, imepigwa. Watu wa njiani watasoma na kushangilia. Sifa zitamfikia Mama Pudensiana kabla sijarudi. Thadei atakuwa amepita njia hiyohiyo kama kivuli.

Nimempelekea kazi Gervais, mchora mabango. Alikuwa na ubao mzuri, mrefu. Nikaukimbiza kwa Romana. Gramu mia sita! Mtu aliyekata mswaki hawezi kubeba ubao wa gramu mia sita. Nikamwagiza Gervais aukate. Akakata. Tukapanga herufi. Ikazidi moja.

Gervais akashauri tuzibane. Herufi za kubanana ni ushamba. Nikatafakari kama dakika kumi. Hatimaye nikaona: njaa imetajwa waziwazi mwishoni, basi ile *i* ni mapambo tu. Tukaiondoa. NINASHINDA NJAA. Gramu mia nne na hamsini!

Gervais akasoma kazi yake, akanitazama, akauliza kama nina uhakika. Nikamkumbusha miaka thelathini na mitano. Akasema, "Haya, mwalimu. Ila pole." Sijui pole ya nini. Rangi huwapanda vichwani hawa mafundi.

Ijumaa, 14 Machi

Mvua. Baada ya Njia ya Msalaba Thadei alinifuata, akaniuliza nyie mna matope huko kwenu kama sisi. Nikamwambia niko peke yangu, na hata tungekuwa wengi, ni nyinyi. Akasema sawa, nyinyi mmoja, tutaonana kesho. Watu walicheka. Wacheke leo.

Matilda ameliona bango. Alisimama mbele yake, mikono kiunoni. Kisha: "Baba Enoka, watu watasoma hivyo ulivyoandika." Nikamwambia hilo ndilo lengo la maandishi. Akasema hilo ndilo analoliogopa.

Nimelala mchana. Niko tayari.

Jumamosi, 15 Machi

Nimerudi. Nitaandika kwa utaratibu.

Niliondoka alfajiri, tumbo tupu, kifua mbele. Thadei alikuwa ameshapita. Hakuwa na bango. Nyumba za mwisho za Misunkumilo hazijaisha, bodaboda mmoja akapunguza mwendo nyuma yangu, akasoma, akaja sambamba nami, akasema, "Mzee, pole sana," na kunyoosha andazi lenye joto la mfukoni. Nikakataa. Nikamfundisha kwamba hapa panasemwa hongera. Akauliza, "Hongera ya njaa?" Akaondoka akitikisa kichwa. Bongo Flava imewaharibu.

Mbele kidogo palikuwa na mama aking'oa karanga karibu na barabara. Jina lake Gaudiose. Nimelijua kwa sababu tulikaa pamoja muda mrefu kuliko nilivyopanga. Alisoma bango kwa sauti, neno kwa neno, akatupa jembe. "Jamani, mzee wa watu! Mpaka ameandika!" Wakaja majirani. Nikasimama, nikaeleza kwamba kushinda hapa ni kama kushinda vita. Akasikiliza kwa adabu sana. Kisha akauliza:

"Kwa hiyo leo umekula, baba?"

Nikamjibu kwa fahari kwamba sijatia kitu kinywani tangu alfajiri.

"Basi si ndiyo umeshinda njaa?"

Nikamwambia nimesahihisha mitihani ya maelfu ya watoto.

Akanijazia viazi vitamu kwenye shanta, juu ya hema. Kisha akampigia simu dada yake, Annonciata, wa Kabungu. Niliyasikia yote. "Kuna mzee anakuja na baiskeli. Mwalimu wa watu, mstaafu. Huko Mpanda hawampi kula. Ndiyo, ana mke! Sasa ameamua kutembea na kibao."

Kuanzia hapo barabara nzima ilikuwa inanisubiri. Kila nyumba mtu amesimama nje. Mahindi mabichi. Ndizi. Mfugaji mmoja wa Kisukuma aliacha ng'ombe wake katikati ya njia ili aniletee maziwa kwenye kibuyu, akanishika bega, akasema na yeye mwaka aliohamia huku alishinda njaa sana, nisione haya. Nikashukuru. Ningefanya nini? Mtu ana machozi. Kuku nilipewa na bibi ambaye hakutaka hata kusikiliza ngeli. Kuku nikamfunga kwenye usukani. Mzigo uliotoka Misunkumilo na kilo ishirini na mbili sasa ulikuwa unapumua.

Kabungu, mbele ya kanisa, watu kama wa harusi. Katekista Bartolomeo na karatasi yake. Thadei amekaa barazani na chupa ya maji, ameshaandikiwa, hakuna aliyemtazama. Wote walinitazama mimi! Hilo nataka likumbukwe.

Annonciata alikuwa ameshapakua. Ugali, maharage, na kuku wa mchuzi. Akasimama mbele yangu na birika la kunawia. "Karibu, baba. Hapa kwetu hutashinda njaa." Nikaomba mkaa. Nikajaribu kuiandika ile *i* kwenye bango. Haikuwa na pa kukaa. Nikaeleza mbele ya watu wote: ngeli, kiambishi, mtenda, mtendwa. Robo saa nzima. Mzee mmoja, Anicet, akamgeukia mwenzake na kusema kwa upole kwamba njaa ikizidi, mtu huongea hivyo.

Bartolomeo aligeukia ukuta. Mabega yalikuwa yanatikisika. Nadhani alikuwa anasali.

Annonciata alikuwa bado amesimama, birika mkononi. Mtu akaninong'oneza kwamba kuku aliyechinjwa alikuwa anataga. Nikaangalia karatasi, nikaangalia birika. Nikanawa.

Nilikula kwa heshima. Kula kwa heshima hakuvunji mfungo, kunauahirisha tu. Sahani ya kwanza kwa heshima ya Annonciata, ya pili kwa heshima ya Kabungu. Ya tatu Anicet aliniwekea mwenyewe, na mzee mwenzako humkatalii. Bartolomeo akaandika: "Amefika. Amekula. Amekula sana." Nilimwonyesha kwamba kurudia kitenzi ni udhaifu wa mtindo. Akasema anaujua, ila hakuona namna nyingine ya kueleza.

Jumapili, 16 Machi

Kikao baada ya misa. Mama Pudensiana alisoma karatasi mbili. Ya Thadei: "Amefika. Hajala." Kisha ya kwangu. Akaisoma mara moja, akaombwa airudie.

Matilda alikaa nyuma kabisa. Tangu jana kina mama wanampitia nyumbani na vibaba vya unga, wanamwambia avumilie. Hajasema na mimi. Jana chakula changu alikipakua mlangoni, palepale majirani wanapopita, wakione.

Uongozi amepewa Thadei. Akasimama, akasema anashukuru kwa hii nafasi. "Nafasi hii," nikasema. Hakuna aliyenisikia; walikuwa wanapiga makofi. Nikatoka nje kidogo kuangalia upepo wa matairi. Upepo ulikuwepo. Nikauangalia tena. Miaka thelathini na mitano nimesimama mbele ya watu, na sikumbuki kuwahi kukaa nyuma.

Mama Pudensiana akanifuata. Akasema msafara ni watu thelathini, na lazima wale njiani. Akasema tangu jana simu yake haipoi. Kabungu yote inauliza yule mzee atarudi lini, wamwandalie. Kwa hiyo kamati imeniteua kuwa mkuu wa chakula. Nitabeba masufuria matatu na nitakaa mwisho wa msafara.

Mkuu! Amesema mkuu. Thadei ni kiongozi tu.

Jumatatu, 17 Machi

Nimetafakari kwa kina na nimepata kosa lilipo. Si sentensi. Sentensi ni safi. Wasomaji ndio dhaifu, na hilo nitalizungumzia njiani, nyumba kwa nyumba. Kosa ni uzito. Kama baiskeli ingekuwa nyepesi, nisingeukata ubao, na *i* ingekaa. Nilipunguza kidogo mno!

Na sasa kuna masufuria. Nimefanya kazi tangu asubuhi. Nimeng'oa kengele. Nimeng'oa stendi na madigadi yote mawili. Nimeng'oa breki, ya mbele na ya nyuma, pamoja na vyuma vyake. Romana amepima: karibu kilo nne! Akauliza nitasimamaje. Nikamwambia mkuu wa chakula hasimami ovyo.

Matilda amesema na mimi kwa mara ya kwanza tangu Jumamosi. Ameuliza breki ziko wapi. Nilipomwonyesha ndoo, akachukua kanga na kwenda moja kwa moja kwa Mama Pudensiana. Bila shaka kunisifia.

Thadei ataongoza kwenye tambarare, simnyimi. Lakini barabara ya Karema mwishowe huteremka kuelekea ziwani, mteremko mrefu kweli, na mimi nitakuwa na masufuria matatu nyuma ya kunisukuma. Hapo ndipo watu wote thelathini wataona ni nani aliye mbele.