Kila Mpira kwa Semeni

Jumatatu, 9 Februari

Hili sijapata kumwambia mtu: kocha wa timu ya wasichana ya shule yetu si mwalimu Godlisten. Ni mimi, Samira. Mbeba chupa za maji! Asubuhi nawahi darasani, nachora mishale ubaoni, nakwenda kukaa nyuma. Mwalimu anafundisha jiografia. Mara ya kwanza alidhani ni ramani ya upepo. Sasa anawaeleza wachezaji kana kwamba kaiota yeye. Kusema mwenyewe siwezi. Nimesomeshwa lugha mbili, na zote mbili nazinyamazia.

Anayenisemea ni Semeni. Dukani, darasani, hata kwa mama. Ni beki wetu wa kulia, Mpemba wa Wete, anakaa kwa ami yake, nyumba ya pili hapa Makorora. Jumamosi tunacheza na shule moja ya Raskazone, na atakuja mama wa shule ya bweni ya Korogwe kuchagua wachezaji wa kusomesha bure. Ami Mselem kashasema: akichaguliwa, sawa. Asipochaguliwa, boti ya Jumanne, arudi kwao.

Haendi popote! Mpango ninao. Kila mpira kwa Semeni. Apande na mstari mpaka langoni kwao, wengine wampishe.

Jumanne, 10 Februari

Ritha kanuna. Yeye ndiye winga wa kulia, na mpango umemruka. Kamuuliza mwalimu: "Sasa mie nifanye nini, nimshikie viatu?" Mwalimu kajibu kwamba sayansi haina upendeleo. Safi!

Tatizo dogo. Semeni analipa kadha, funga anazodaiwa. Ramadhani iliyopita alikula kwa siku zake za kike, na homa juu, na Ramadhani mpya inaingia wiki ijayo. Kapiga hesabu: afunge mfululizo, Jumamosi tu ndiyo ale, siku ya mechi. Bibi yake husema Shaabani haikopeshi, deni liishe kabla ya Ramadhani. Nikasema vyema, njaa inapunguza uzito.

Alhamisi, 12 Februari

Nilichora zoezi la ziada. Saa nane mchana, kupanda na kushuka. Lilikuwa wazo zuri.

Semeni kapanda, kashuka, kapanda, kisha kakaa chini kwenye mlingoti wa goli, macho meupe. Ikabidi anywe maji. Funga imeharibika, inadaiwa tena. Na siku iliyo wazi ni moja. Nilijua ni ipi kabla hajaitaja.

Kaniomba nimwambie mwalimu abadili mpango: Jumamosi abaki nyuma, alinde tu. Yeye mwenyewe anaona haya kumweleza mwanamume habari za kadha. Maskini, hajui mpango ni wa nani. Hata kusema hakuhitajiki. Kufuta ubao tu.

Ijumaa, 13 Februari

Nilikishika kifutio, wallahi. Lakini mishale ilikuwa imenyooka! Halafu nikawaza: beki aliyekaa nyuma, yule mama atamwonaje? Nikaongeza mshale mmoja.

Semeni kaniuliza kama nimeshamwambia mwalimu. Nikaitikia kwa kichwa. Kanishika mkono. "Ahsante, shoga. Leo umenisemea wewe."

Jumamosi, 14 Februari

Jua kali. Mwalimu Godlisten katangaza: kila mpira kwa Semeni. Semeni kanigeukia. Nikazipanga chupa zangu.

Mwanzoni, alhamdulillahi! Kapanda, kawaacha watatu, katoa pasi, Ritha kafunga goli. Nilitaka kushangilia. Sikushangilia.

Kipindi cha pili alipanda, kushuka kukamshinda. Wale wa Raskazone wakaliona shimo. Wakapita palepale, goli. Wakapita tena, goli. Semeni akadondoka. Ritha, huyohuyo aliyenuna, kaninyang'anya chupa kaenda kummwagia maji kichwani. Semeni kafumba mdomo kwa nguvu, yasiingie.

Mama wa bweni alikuwa kasimama ubavuni kwangu. Kamwambia mwalimu: "Mguu anao huyu beki wenu. Ila hana pumzi."

Neno moja lingetosha. Amefunga. Nililikalisha mdomoni kama kokwa ya tende. Mama kakunja mwavuli, kaingia kwenye bajaji.

Jumapili, 15 Februari

Ami Mselem kashakata tiketi. Semeni hajanisema kwa mtu. Bora angenitukana.

Ritha kapita nyumbani. Kasema alijua kuna jambo, mbona nilinyamaza? Nikatazama chini. Nikaona miguu yake. Mirefu! Ana mbio huyu, sikupata kumwangalia vizuri. Nimeshachora: kila mpira kwa Ritha. Kasema kitu kuhusu Jumatano, kwamba na wao wanaanza Kwaresma, na kwao hufunga mpaka jioni. Sikumsikiliza sana, nilikuwa natafuta penseli. Kosa la jana ni mshale mmoja tu, ulikuwa mfupi.

Na Semeni nitamwomba radhi. Kwa mdomo wangu. Nimeshayapanga maneno: nitaanza na ubao, nitamalizia na kichwa kile nilichoitikia kwacho.

Ndala zinaburuzwa ukumbini. Namjua anayeburuza hivyo. Shikamoo mama, nimekuja kumuaga Samira. Mama anamwambia marahaba mwanangu, yumo chumbani, ingia tu.

Daftari chini ya mto. Shuka mpaka kichwani. Nimelala.