Nusu Ekari Yangu na Trekta la Ekari Tano

Jumatatu, 3 Machi
Wiki ya tatu ya ndoa! Nilimtazama mume wangu amelala, nikatamani kuimba. Kisha nikaona viganja vyake. Malengelenge! Jembe hilo! Nikaenda kwa jirani wa ekari arobaini, mwenye trekta la kupandia. Akasema haliingii shamba la chini ya ekari tano. Nusu ekari, bibi harusi apandie kijiko. Kijiko! Nimesonya njia nzima. Na mvua inatarajiwa Jumapili.

Jumanne, 4 Machi
Nimepata! Kwetu nusu, kwa mama mkwe mbili, kwa wifi mbili na nusu. Tano kamili! Tung'oe tu ua unaotutenganisha. Mume wangu, kipenzi cha roho, akasema tukilima wawili, bega kwa bega, Jumamosi tumemaliza. Nikambusu, nikamwambia anyamaze. Mama mkwe kakubali. Wifi naye, ila nisijione nimeolewa na shamba lao. Mdomo ule!

Ijumaa, 7 Machi
Ua wote chini, kwa panga langu. Trekta limekuja! Wifi akataka mbegu zake zitangulie. Thubutu! Wazo la nani? Nikamimina mwenyewe mbegu zangu zote bora, zawadi ya harusi kutoka kwa baba, kwenye sanduku la mashine, za mama mkwe na za wifi zikafuata juu yake. Dereva akaanzia langoni. Lango liko kwa wifi! Nikakimbia nyuma ya trekta nikipiga kelele. Akanipungia mkono. Alipofika kwangu, sandukuni zimebaki za wifi, za mwaka juzi, zimetobolewa na wadudu. Wifi akaniambia ahsante wifi yangu, kumbe wanipenda. Nimelia kwa hasira.

Jumatatu, 17 Machi
Mahindi yameota. Kwa wifi, mistari ya mbele, kijani, imenyooka! Wapita njia wanamsifu. Kwangu kama mdomo wa kibogoyo. Mume wangu akasema taratibu kwamba jembe lingejua kwetu ni wapi. Sauti yake tamu! Nikamnunia hadi mchana.

Jioni nikasikia yule jirani wa trekta kaleta kindege cha kunyunyizia dawa. Hakodishi chini ya ekari ishirini. Ishirini! Dharau gani hii? Nimehesabu majirani. Ni nyua nane tu.

Mume wangu kaficha panga, mpenzi wangu. Nimeshaliona, chini ya kitanda.