Mnara Ulioishinda Kompyuta

Jumatatu, 6 Mei

Nakufa, kwa hiyo niandike. Nimeficha jambo kwa miaka thelathini. Liko juu ya mnara wa tangi langu, upande wa nyuma, asikopanda mtu. Leo sisemi zaidi. Kufa si sababu ya kupapatika.

Mnara nauona kutoka kitandani. Nguzo nne za chuma, tangi juu, jiko letu chini. Kazi yangu mwenyewe! Binti yangu, mhandisi kama mimi, amekuja kuniuguza pamoja na kompyuta yake. Ameunda modeli, programu ya hesabu: unaiingizia vipimo vya vyuma, uzito wa maji na nguvu ya upepo, inakwambia mnara utasimama au utaanguka. Ataitumia kukagua minara ya matangi kwenye bweni la wasichana. Akaomba aijaribu kwanza kwa mnara wangu. Nikamwambia karibu, ijifunze kwa mkubwa wake.

Jumanne, 7 Mei

Programu imesema mnara wangu ulianguka siku ya kwanza. Nikamwonyesha dirishani. Umesimama! Akaomba karatasi zangu za hesabu. Nikasema zililiwa na mchwa. Akauliza ni mchwa gani hao wasiogusa vitabu. Nikakohoa. Mgonjwa akikohoa hahojiwi.

Mke wangu akapita na ndoo akilalamika kwamba maji ya tangi yamekwisha kabla ya adhuhuri, kama kawaida. Nikamwambia, kama kawaida, apunguze kuoga.

Jumatano, 8 Mei

Binti amepima vyuma upya. Mashine haibadili kauli. Alipotoka nikaivuta, nikaondoa upepo wote. Mnara ukaanguka. Nikaongeza unene wa nguzo mara mbili. Ukasimama! Aliporudi akatazama kioo, akauliza tangu lini tangi letu linakaa juu ya nguzo za daraja la reli. Nikamsingizia paka. Hatuna paka.

Wahenga walisema asiyekubali kushindwa si mshindani. Wahenga hawakujenga minara.

Alhamisi, 9 Mei

Nimeshinda. Sina raha.

Binti amesema mnara uliosimama miaka thelathini ni ushahidi mkubwa kuliko nadharia, kwa hiyo kosa ni la programu. Amelegeza kigezo cha uimara wa chuma mpaka modeli ikaukubali mnara wangu. Kisha akarudia ya bweni. Jana mitatu ilikuwa ya kubomolewa. Leo yote imefaulu. Kesho mchana anatuma ripoti, na wasichana wataendelea kulala chini yake.

Nikinyamaza, nazikwa nikiwa mhandisi aliyeishinda mashine. Uji umenishinda.

Ijumaa, 10 Mei

Nilimwita kabla hajatuma.

"Mwanangu, kirudishe kile kigezo," nikamwambia. "Programu yako haina kosa. Mnara ndio unaodanganya."

Nikamweleza. Siku tulipolijaza tangi mara ya kwanza, nguzo zilianza kupinda mbele ya macho yangu. Nikafungulia maji yote yakatoka, nikapanda na keekee, nikatoboa tundu katikati ya tangi, nikaunga bomba la kuyamwaga ya ziada mtaroni. Maji hayajawahi kupita nusu tena. Pampu nikawa naiwasha na kuizima mwenyewe, mtu asije akaona.

Binti akapanda ngazi. Akashuka. Akaiingizia programu nusu ya maji, nayo ikasema mnara utasimama. Nikamkumbusha kwamba mimi nilisema hivyo tangu Jumanne.

Mke wangu alikuwa mlangoni na ndoo yake.

"Miaka yote hii," akasema, "unaniambia naoga sana."

Sijaletewa chai tangu hapo.

Jumamosi, 11 Mei

Wasichana wamehamishwa, minara yao mitatu itabomolewa. Na wangu pia, Jumatatu. Binti amenishika mkono, akasema nimefanya jambo la maana. Mama yake bado hasemi nami.

Lakini sijalala bure! Nimechora mnara mpya nyuma ya bahasha ya dawa. Nguzo tatu badala ya nne, kubana matumizi ya chuma. Tangi kubwa zaidi, mama watoto aoge apendavyo. Binti akaomba auingize kwenye modeli. Nikakataa. Akauliza kama basi nimeupigia hesabu. Nikamjibu nimepiga zote, kwa umakini ule ule niliotumia kwa ule wa kwanza.

Hapo sikudanganya. Mchwa niliwasingizia, kama paka. Karatasi za hesabu hazikuwahi kuwapo. Mnara ule niliukisia kwa macho.