Dawa Inayofuata Mkono

Mguu mmoja wa Shitanda ulikuwa tayari ndani ya behewa la daraja la tatu, na wa pili ulikuwa njiani kuufuata, askari Kiprotich alipomshika ukosi wa koti na kumwomba kipande. Aliomba kwa adabu. Askari wa Eldoret siku hizo waliomba kwa adabu wakiwa wameshakushika.

Kipande kilikuwa kile cheti cha kazi ambacho kila mwanamume mweusi alikivaa shingoni ndani ya kijisanduku cha bati, kama ng'ombe na kengele yake. Kilisema wewe ni nani, mzungu gani alikuandika, na siku gani alikuachilia. Cha Shitanda kilisema yote isipokuwa hilo la mwisho.

"Bwana wako hajatia sahihi hapa," Kiprotich alisema.

"Afande, Bwana alitaka sana kutia. Kalamu ndiyo ilikataa."

"Basi rudi ukaongee na kalamu."

Shitanda akaeleza kwamba mama yake ni mgonjwa sana huko Jinja. Kiprotich akakumbuka kwamba mama huyo huyo alizikwa Krismasi iliyopita, na kwamba yeye mwenyewe alichanga. Hakumfunga, kwa sababu kumfunga mtu kuna maandishi mengi. Akamwambia tu kwamba gari lingine linapita Ijumaa, na tikiti yake bado itafaa.

Hiyo ilikuwa Jumatatu, na Ijumaa ilikuwa siku ya mwisho ya mwezi. Mfukoni Shitanda alikuwa na barua ya mzee mmoja wa Jinja, Wasike, mwenye hoteli karibu na kiwanda cha pamba. Wasike alikuwa amezeeka, hana mtoto, na alitaka mpishi wa kushirikiana naye. Hawakuwahi kuonana. Shitanda alijisifu kwa barua nne mpaka ya tano ikajibiwa: mwenye kuleta barua hii apewe jiko na nusu ya hoteli, mradi afike kabla mwezi haujaisha. Nusu ya hoteli ilikuwa imesimama upande mmoja, na sahihi ya mzungu upande mwingine.

Mzungu mwenyewe watu walimwita Bwana Popo. Aliletwa uwanda huu akiwa mtoto, juu ya gari la ng'ombe, na sasa alikuwa na ghala la ngozi nyuma ya soko. Jina alilipata kwa sababu halali. Usiku alizunguka na taa akihesabu ngozi, na mchana alikunywa kahawa nyeusi, birika kwa birika, ili asisinzie juu ya meza. Shitanda ndiye alikuwa mpishi wake, na kazi yake kubwa ilikuwa hiyo kahawa. Kumwachilia mtu, Bwana Popo hakuwahi. Alisema kumwandika mpishi ni dakika moja, kumpata mwingine ni mwaka.

Akirudi mjini na sanduku lake kichwani, Shitanda alipita dukani kwa Mhindi mmoja muuza dawa, akaona kopo jipya dirishani. Lilikuwa na picha ya mti mfupi wenye matunda mekundu, kila tunda ndani ya mfuko wake mkavu kama karatasi. Akauliza, maana kuuliza hakulipiwi. Mhindi akasema hiyo ni asgandi, mzizi wa kwao; unasagwa, unanywewa na maziwa, nao unatuliza roho yenye wasiwasi na kuleta usingizi. Akataja bei. Shitanda akamshukuru kwa heshima zote. Mti ule aliujua. Ulimea nyuma ya nyumba ya Mama Kageha, pale anapomwaga majivu.

Kageha alikuwa mjane kutoka Maragoli, muuza uji na maharagwe kule lokesheni, mtaa waliotengewa watu weusi. Hakuwa mtu wa maneno. Shitanda alimwachia sanduku, tikiti na barua, kwa sababu Bwana Popo alikuwa na tabia ya kupekua vyumba vya wafanyakazi. Akamsomea ile barua mara mbili, ya pili kwa sauti kubwa zaidi, ili ajue anamhifadhia mtu wa namna gani. Halafu akamwomba amchimbie mizizi.

"Mikono yako haina vidole?" Kageha aliuliza.

"Mama, mikono ya fundi haichimbi. Inasubiri."

Kageha akamtazama kidogo, akachukua jembe. Alichimba, akaosha, akaanika juu ya mabati, akatwanga. Jioni ya Jumanne Shitanda alikuwa na kopo kuukuu la chumvi lililojaa unga, akaenda nalo kwa Bwana Popo akitembea polepole, kama shemasi na sahani ya sadaka.

Bwana Popo alikuwa na mashaka. Alisema unga kama huo ameuona kwa Mhindi.

"Wa Mhindi ulifia melini, Bwana," Shitanda akasema. "Wewe umekulia hapa, unajua mambo yetu. Dawa inafuata mkono. Mkono uliochimba ndio mkono unaopika. Ukibadilisha mkono, unakunywa mchanga."

Bwana Popo alijua, kweli. Yaya aliyemlea alikuwa akisema hivyo hivyo. Hapo ndipo Shitanda alipoona bei imeiva, akasema hataki pesa. Anataka sahihi tu, Ijumaa asubuhi, kama usingizi utakuwa umekuja.

Yeye mwenyewe dawa hiyo hakuiamini hata kidogo. Aliamini maziwa ya moto, na zaidi ya hayo, aliamini ulimi wake. Na kwa kuwa mganga asiyekataza kitu hana heshima, akatafuta kitu cha kukataza. Akakataza kahawa.

Usiku huo Bwana Popo alilala kwa saa nne. Jumatano akalala kwa saa saba. Alhamisi alikoroma mpaka jua likawa juu ya mabati, na watu wa soko wakaja kusimama nje ya dirisha kusikiliza. Kahawa Shitanda aliendelea kuichemsha kwa mazoea, na kwa kuwa si vizuri kumwaga kitu cha watu, aliinywa yeye.

Ijumaa asubuhi akavaa koti lake, akaweka kipande mezani. Bwana Popo alikuwa na uso mpya, kama mtu aliyerudishiwa mali. Akachukua kalamu, akaichovya kwenye wino, halafu akaiweka chini.

"Wewe nataka kwenda Jinja," akasema. "Mkono yako pia nakwenda Jinja?"

"Unaenda, Bwana. Umeshikamana nami."

"Basi usingizi yangu nabaki na nani?"

Shitanda alikuwa amemjibu mzungu huyu kwa miaka sita bila kukosa neno. Sasa akafanya kitu ambacho hakuwahi kukifanya: akasema kweli. Akaeleza kwamba mkono uliochimba ni wa Mama Kageha, uliotwanga ni wa Mama Kageha, na yeye alikuwa mchukuzi tu wa kopo.

Bwana Popo akafikiri. Akasema vema, aletwe huyo mama. Akija na kukubali, Shitanda aende zake.

Shitanda hakutembea, alikimbia. Nyumba ya Kageha ilikuwa imefagiliwa, jiko limepoa, sufuria hazipo. Jirani yake, Nekoye, alikuwa akipepeta mtama.

"Ametoka asubuhi na sanduku zuri," Nekoye akasema. "Nilifikiri ameolewa."

Alipofika stesheni gari lilikuwa limeanza kusogea. Kageha alikuwa dirishani, amekaa wima, barua ya Wasike mkononi kama kitabu cha nyimbo. Shitanda akamshika Kiprotich mkono, akamwambia amkamate yule.

"Kwa kipande gani?" Kiprotich akauliza. "Yule ni mwanamke. Serikali haijawapa. Tikiti nimeiona, ni halali."

Shitanda akakimbia sambamba na behewa. "Mama! Barua hiyo ni yangu!"

"Barua inasema mwenye kuileta," Kageha akajibu. "Na mpishi. Wewe, baba, umepika nini wiki hii?"

Kageha alifika Jinja siku hiyo hiyo ya mwisho wa mwezi, saa mbili za usiku. Wasike aliangalia barua, akaonja maharagwe, hakuuliza swali. Alikufa miaka saba baadaye, na hoteli yote ikawa ya Kageha. Kiprotich alistaafu na kurudi kwao Moiben kulima mahindi. Mhindi aliliondoa kopo dirishani, halikununuliwa. Bwana Popo alilala vizuri kwa miaka kumi na minne, akafa usingizini. Sahihi hakuweka. Shitanda alibaki kwake miaka hiyo yote, akichimba mizizi kwa mkono wake mwenyewe. Usingizi ulimpotea kabisa. Aliijaribu dawa mara nyingi, haikumfaa. Kila jioni alikunywa kopo zima na maziwa, na baada yake, ili kuondoa uchungu mdomoni, birika la kahawa.