Kofia ya Shaba Inayopwaya

Poiana Mierlei,
14 Oktoba

Kwa Profesa Haralambie Crețoiu,
Mkuu wa Maabara ya Kuunda Metali.

Mheshimiwa Profesa,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kwamba roboti yenu nayo ni nzima, maana naambiwa ndiyo inayofanya kazi huko. Naandika kwa niaba ya kaya zote za kijiji hiki, ambazo hupikia tsuika yao, ile pombe kali ya plamu, katika mtambo mmoja.

Mwezi wa nane jirani yangu Niculae alirudisha trekta kinyumenyume akaikanyaga kofia ya mtambo, yaani ile ya shaba inayovikwa kwenye shingo ya chungu na kupeleka mvuke kwenye bomba. Fundi wetu wa shaba alikwisha kuhamia Uhispania, ambako anafunga mabomba ya vyoo na hana mpango wa kurudi. Ndipo mlipojitokeza ninyi mkasema mtatuundia kofia mpya bila kalibu, bila nyundo, na bure, kwa ajili ya utafiti. Neno "bure" lingetosha kututia shaka, lakini sisi ni watu wa heshima.

Tarehe 26 namwoza binti yangu Salomia. Plamu zimekwisha kuchachuka mapipani, na zikikaa juma moja zaidi zitakuwa siki. Baba wa bwana harusi, Valer wa kijiji cha Gura Prunului, amenisimamisha sokoni mbele ya watu akaniambia, "Mkwe, usijisumbue bwana. Sisi tutakuja na pombe, nyie tafuteni glasi tu." Watu walicheka. Mimi nilinunua kabichi ambayo sikuihitaji, nikaondoka.

Kwa hiyo nalalamika kama ifuatavyo:

1. Kwamba kofia inapwaya. Shingo ya chungu niliipima mwenyewe tarehe 3 Septemba kwa utepe wa kushonea wa mke wangu, nikarudia, na jibu likawa lilelile, ndilo nililowatumia. Kofia mliyotuletea inazunguka shingoni kama kofia ya baba kichwani mwa mtoto. Imeacha nafasi ya milimita tatu pande zote. Ni kweli kwamba tangu enzi za babu zetu kiungo hicho tunakiziba kwa kinyunga cha unga wa rai. Lakini kinyunga ni cha kuziba ufa, na ninyi mmetuachia mlango.

2. Kwamba njia yenyewe ni ya aibu. Tulikuja kutazama. Bati la shaba limebanwa kingo zote kwenye fremu. Mkono wa roboti umeshika kijiti cha chuma chenye ncha ya mviringo. Nao unalitomasa bati, unazunguka, unashuka unene wa ukucha, unazunguka tena, tangu asubuhi mpaka tukamaliza jibini na vitunguu tulivyobeba. Niculae aliuliza kwa sauti, "Sasa huyu anaitengeneza au anaibembeleza?"

3. Kwamba mlijua. Taarifa mliyotuletea pamoja na kofia inasema wazi kuwa mkono ule ukiisukuma shaba, shaba nayo huusukuma mkono, na mkono hupinda kidogo. Tena fremu ikifunguliwa, bati hujirudisha nyuma kama godoro. Halafu mnajisifu kwamba kosa lote halikufika milimita moja "kulingana na umbo lililokusudiwa". Profesa, sisi hatukukusudia umbo. Tulikusudia kofia. Huku kwetu kinyozi akijua mkono wake unapinda haandiki taarifa, anaweka wembe chini.

4. Kwamba tumetukanwa. Kabla ya kazi kuanza, injinia wenu, Binti Ilinca, alinipigia simu akauliza, "Mzee Sever, samahani, mliisugua shingo kabla ya kupima?" Nilimjibu, "Mwanangu, kwetu hata banda la nguruwe hufagiwa." Akasema, "Haya mzee, nimeuliza tu." Kuuliza tu! Mke wangu Paraschiva alipolisikia jambo hili alibeba siki, chumvi na mchanga, akaisugua shingo ya chungu mpaka ikang'aa kama kikombe cha altare, ili siku mtakapoleta kofia mwone haya. Hamkuona. Nataka mniombe radhi kwa maandishi.

5. Kwamba siku ya jaribio kinyunga chote kilitumbukia chunguni na mvuke wa pombe ukatoka kwa nguvu. Jogoo wa Padri Achim, aliyekuwa akijipitia chini ya dirisha, aliwika mara moja akalala. Padri amesema kwa upole kwamba hajawahi kuona kiumbe cha parokia yake katika hali ile siku ya Jumatano, ambayo ni ya kufunga.

6. Kwamba mna wajibu wa kurekebisha. Kwa kuwa kofia imekataa kukifuata chungu, kichukueni chungu mkitomase kwa ndani mpaka kiifuate kofia. Kama hilo haliwezekani, nimesoma katika taarifa yenu kwamba nguvu iliyotosha kuishinda shaba ni nyutoni mia tisa. Nimepiga hesabu niliyofundishwa sekondari, nikakuta ni sawa na mtu wa kilo tisini na mbili aliyeketi. Nilikuona siku ile, Mheshimiwa, na nadhani hatuhitaji kutafuta mbali. Njoo uikalie kofia muda wote tunapopika. Utapewa mto wa manyoya ya bata, kwa sababu ya joto. Ukichoka, wasaidizi wako wapokezane, ila wapimwe uzito kwanza.

Nangoja jibu kabla ya Jumapili. Wasalimie wahadhiri, walinzi wa lango waliotupa kahawa, na mkeo. Roboti sina la kuisalimia.

Wako katika masikitiko,
Sever Bălțatu,
Katibu, Umoja wa Wapikaji wa Poiana Mierlei.

Nyongeza: Nimemsomea Paraschiva barua hii kabla ya kuifunga. Alinisikiliza mpaka namba nne, akaniuliza, "Baba Salomia, wewe ulipima lini?" Nikamwambia tarehe 3. Akasema, "Na mimi nilisugua baada ya hapo. Nilikwangua kinyunga kikavu cha miaka yote, kimeganda cheusi kama shaba yenyewe, karai zima. Umempima mtu akiwa na koti, halafu unagombana na fundi kwamba shati linapwaya!" Kisha akakanda unga wa rai, akaipaka shingo upya, akauacha ukauke. Kofia imekaa kimya kama imezaliwa pale, na ninapoandika mstari huu tsuika inadondoka, tena kali. Valer atakunywa mpaka abebwe.

Kwa hiyo usije kukalia chochote. Njoo harusini, uje na wenzako. Na tafadhali mwambie Binti Ilinca kwamba jibu la swali lake ni hapana.