Nondo wa Mlango wa Jiwe

Jumatatu, 10 Novemba

Nimemwona! Nilikuwa kwenye mitapia, miti wanakoishi viwavi wa hariri, nikimwokotea Shangazi Ravao vifuko vya hariri, yeye ndiye mfumaji wa sanda hapa kijijini. Nikakaa kupumzika mbele ya kaburi la ukoo wetu. Nondo, kipepeo wa usiku, mkubwa kama kiganja, ametulia juu ya mlango wa jiwe. Rangi ya majivu, mistari myekundu. Mchana kweupe!

Miaka kumi na minne nawapiga picha nondo wa huku Ambositra. Huyu simjui. Hata shemeji Haja hamjui, na Haja hujifanya anajua kila kitu. Mwaka juzi alipiga picha kidudu kama kipele, wataalamu wa Antananarivo wakakipa jina lake. Tangu hapo hakaliki naye.

Mimi sina mtoto. Nikifa, jina Solofo linafukiwa siku hiyohiyo. Huyu nondo ndiye mwanangu.

Nimepiga picha kumi na moja. Zote dole gumba langu.

Jumanne, 11 Novemba

Yuko palepale, hajasogea hata kidogo. Picha imetoka! Nikapanda kilimani penye mtandao, nikawatumia wataalamu. Wakajibu kwamba ukubwa haujulikani, niweke kitu kando yake. Mfukoni nina kipande cha muhogo tu, tena nimeshakiuma. Nikaweka kidole cha shahada. Kimenyooka kabisa, kuelekea kaburini.

Ndiyo, najua. Kila mtoto wa huku anajua: kaburi halinyooshewi kidole, unakikunja na kuonyesha kwa kifundo. Lakini kidole kilichokunjwa kitampimaje mdudu? Nimeituma.

Jioni hii kidole kimekufa ganzi. Baridi tu, haina neno.

Jumatano, 12 Novemba

Nimeikuza ile picha. Mlango wa kaburi uko wazi! Upenyo mwembamba, ndani giza totoro. Nikakimbia kwenda kuangalia. Mlango umefungwa, udongo wa kuuziba haujapata hata ufa. Nikapiga nyingine. Kwenye picha upenyo sasa unapitisha ngumi. Nikaita jina la marehemu mama bila kujijua.

Nondo lakini ametoka vizuri sana.

Alhamisi, 13 Novemba

Leo ni mwiko kushika jembe, kwa hiyo wote tuko nyumbani. Nikiwa nakunywa maji yangu ya ukoko, Haja akanipokonya simu akampelekea Shangazi. Mwanamume mzima, mchongezi!

Shangazi hakumtazama nondo. Alitazama kidole. Akasema anayewanyooshea wazee marehemu kidole hana nafasi humo ndani, nitazikwa kando ya barabara kama mtu asiye na kwao. Niliumia. Mama yumo humo, sanda yake niliifunga mimi kwa mikono hii. Nikalia mbele ya watu, sioni haya kuliandika.

Kisha nikapata akili. Nikamuuliza kama wazee hawanitaki, mbona wananifungulia mlango? Nikamwonyesha picha ile ya pili. Haja akaanza kucheka, akaacha. Shangazi akashusha sauti: "Mwanangu, mlango ule tangu lini ukafunguliwa kwa ajili ya mtu mzima wa afya?"

Ameamuru kesho nipeleke ramu, niombe radhi, nifute picha zote.

Ijumaa, 14 Novemba

Tumekwenda ukoo mzima. Nimemwaga ramu (iliyobaki, njia ilikuwa ndefu). Nimepiga magoti nikawaomba wazee radhi kwa majina. Nimefuta picha mbele ya macho ya watu. Palepale kidole kikapata joto! Shangazi akanikumbatia, akasema nafasi yangu kando ya mama ipo, nisiiharakie. Nikaapa kutosogea tena karibu na mlango ule. Nondo hakuwepo. Moyo wangu mweupe.

Jumamosi, 15 Novemba

Barua pepe ya wataalamu! Wanaamini ni nondo asiyejulikana popote, lakini hawawezi kumpa jina langu mpaka waone tumbo na upande wa chini wa mbawa. Haja naye ameshanusa habari, jana alikuwa anapangusa vumbi kamera yake.

Nimemwahi. Asubuhi hii nondo amerudi, ila sasa amekaa upande wa ndani. Maana mlango uko wazi. Si kwenye picha, kwa macho yangu haya mawili! Upana wake ni mabega yangu, hauzidi wala haupungui. Kutoka ndani inakuja harufu ya hariri mpya, na sauti kama ya mtu anayekunja nguo taratibu. Panya, bila shaka.

Shangazi angekuwepo angesema sikio la kufa halisikii dawa. Ana maneno yule mama! Nani kasema sisikii? Safari hii nimebeba rula.

Nimepita nyumbani kuchukua tochi na kuandika haya. Haja bado anakoroma. Naingia dakika mbili, natoka.