Boga la Mama Mkwe

Jumatatu, 10 Novemba.
Saumu amekwenda Rutshuru kwenye arobaini ya mama yake. Ameniachia mmea mmoja wa boga, wa mwisho kutoka mbegu za marehemu. Nimeuchunguza. Maua mengi yana kikonyo kitupu. Matatu tu yana kiboga chini yake. Wavivu wanaishi kwa jasho la wenzao. Nimekata wavivu wote, kumi na tisa. Matumba yao pia. Mke wangu atafurahi.

Jumatano, 12 Novemba.
Kiboga cha kwanza kimekuwa njano, kimeanguka. Nimeongeza mbolea. Jirani Bénédicte, mwalimu wa biolojia, alichungulia juu ya ukuta wa mawe, akauliza maua dume yako wapi. Nilimweleza mbinu yangu.
“Papa Alima,” akasema, “umefukuza mabwana, sasa unangojea watoto.”
Huyu ndiye aliyesahihisha Kifaransa changu mbele ya mtaa mzima. Nikaendelea kumwaga mbolea.

Alhamisi, 13 Novemba.
Ua la pili limechanua. Kumwomba Bénédicte ua dume? Kamwe. Alipokwenda shule niliruka ukuta, nikachuma tumba lake dume, nikalipasua. Hamna unga hata chembe. Nilisugua hivyohivyo.
Kumbe alikuwa amesahau daftari, akarudi. Alinikuta juu ya ukuta, suruali imenaswa kwenye jiwe. Akanifundisha hapohapo: ndani ya vifuko vya ua dume, kila seli mama hugawanyika kuwa nne, na kila moja huwa punje ya chavua. Ua likichanua alfajiri vifuko hukauka, hupasuka, unga unatoka. Mimi nimefunua sufuria wali haujaiva.

Ijumaa, 14 Novemba.
Saumu alipiga simu jana jioni. Sauti imekauka kwa kulia. Aliulizia mmea kabla ya kuniulizia mimi. Nikasema uko imara.
Sikulala vizuri. Alfajiri nikabisha kwa Bénédicte, nikaomba. Alikuja na ua dume lililochanua, akang'oa petali, akapaka unga wa njano kwenye ua la tatu, la mwisho. Manyunyu yakaanza. Alisema chavua ikilowa inaharibika, akalifunika ua kwa mwavuli wake mpaka likajifunga. Alichelewa shule.

Jumatatu, 24 Novemba.
Kiboga kimeshika, kimepita ngumi yangu. Saumu amerudi. Alikishika, machozi yakamtoka. Nilimwambia ni matunzo yangu. Bénédicte alikuwa ukutani. Alikohoa tu, hakunisaliti.
Sasa mimi ni mtaalamu. Nimeona mahindi ya Saumu nyuma ya nyumba: yana mashada juu yanayomwaga unga wa njano ovyo kwenye ndevu za mahindi. Uchafu mtupu. Kesho kabla hajaamka nakata mashada yote.